Kitalu cha Walaji

Jeraha la Twilumba Mahenge lilikuwa na ukubwa wa kiganja, kwenye nyonga ya kushoto, na lilikuwa jeraha pekee katika wodi ambalo Dkt. Vaileti Ngailo hakutaka liwe safi. Alilikwangua kwa kijiko cha plastiki, akauweka ute wa kijani kwenye kichupa, na sehemu ya ute ule akaiacha ilipokuwa. Ukiuchukua wote, kesho hakuna mavuno.

Twilumba alikuwa amelala kifudifudi, ameung'ata mto. Alipouachia aliuliza kama ni mwingi. Vaileti akasema unatosha. Twilumba akauliza unatosha wangapi. Wote, Vaileti alijibu, na jibu hilo lilikuwa kweli kwa siku hiyo.

Kichupa kilipelekwa maabara, mwisho wa ukumbi. Huko Edson Luvanda angekizungusha kwenye mashine, angekichuja mara mbili, na kingebaki na maji yasiyo na rangi yenye mamilioni ya virusi wanaokula bakteria. Vitabu vina jina refu la virusi hao. Wodini waliitwa walaji. Maji hayo yangelowanisha shashi za kufunikia majeraha ya wagonjwa wengine kumi na mmoja, asubuhi na jioni, na wangeivuka siku.

Moto uliowaleta hapa haukuonekana. Ulikuwa mchana wa jua kali, kwenye uwanja wa kujazia haidrojeni treni za mizigo nje ya Makambako, na mwali wa haidrojeni mchana hauna rangi. Mafundi wa uwanja ule hutembea wakitanguliza ufagio mkavu. Ufagio ukiwaka hewani, ndipo wanajua moto uko wapi. Twilumba, fundi wa valvu, aliingia na ufagio na akaifunga valvu. Wapakiaji waliomfuata kumtoa hawakuwa na ufagio. Waliingia ndani ya moto wakidhani ni hewa tupu.

Wiki ya pili wodi ikaanza kunuka zabibu zilizolala kwenye kreti. Usaha uligeuka kijani, na bakteria wake wakaitwa Kijani. Mashine ya kusoma vinasaba ilipitia kila kiuavijasumu kilichobaki nchini, na mbele ya kila kimoja iliandika neno lilelile: sugu. Sheria ikafuata. Wodi yenye bakteria wa namna hiyo hufungwa. Mgonjwa hatoki, ndugu aliyeingia kuuguza hatoki, daktari hatoki, mpaka kila jeraha lifunikwe na sahani za maabara zitoke tupu. Unga, viazi na maziwa vinaingia kupitia dirisha la chuma. Hakuna kinachotoka.

Vaileti alikuwa anafunga bandeji ya mwisho Edson alipotokea mlangoni. Edson hakuwa mtu wa kuacha maabara yake kwa habari njema. Alimngoja atoke ukumbini, akamwambia mambo mawili. Ngozi ya Twilumba, iliyooteshwa Dodoma kutoka kwenye seli zake mwenyewe, imepita dirishani ikiwa kwenye sanduku la baridi, na itakuwa hai mpaka kesho jioni. La pili, damu ya Twilumba iliyochukuliwa juzi imeota.

"Imeota nini?"

"Kijani. Makundi manne tu kwenye sahani nzima," Edson alisema. "Lakini yapo."

*

Maabara ilikuwa chumba kilichokuwa cha kuhifadhia shuka. Edson alipanga sahani tatu chini ya taa, ingawa Vaileti alikuwa anajua zitasema nini.

Kwenye sahani ya kwanza bakteria walikuwa wameoteshwa kwenye mchuzi wa lishe chupani, wakapewa walaji waliokuzwa chupani. Zulia la bakteria lilikuwa limejaa matundu angavu, kila tundu mahali ambapo mlaji mmoja alizaliana na kumaliza kila kilichomzunguka. Sahani ya pili ilikuwa na walaji walewale, lakini bakteria walitoka moja kwa moja kwenye jeraha. Zulia lilikuwa zima. Hiyo ndiyo ilikuwa shida tangu mwanzo. Chupani Kijani hana adui, kwa hiyo huvua koti lake la ute, na walaji hujifunza kula bakteria walio uchi. Ukiwarudisha kwenye jeraha wanakutana na koti, na hawana pa kushika. Mwilini Kijani havui koti. Hubadilisha vifungo vyake kila baada ya siku chache, na walaji lazima wabadilike pamoja naye. Nguruwe walijaribiwa kwingine. Walaji waliokuzwa kwa nguruwe walimla Kijani wa nguruwe tu.

Sahani ya tatu ilikuwa na walaji wa Twilumba. Ilikuwa na matundu kama chujio.

Katika majeraha mengine, walaji walipotiwa, ama walimaliza chakula chao wakafa, ama walishindwa na Kijani akaendelea. Kwenye nyonga ya Twilumba peke yake pande mbili zilikaa pamoja, mlaji na mliwa, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Hakuna aliyejua kwa nini. Waliita mahali hapo kitalu. Twilumba aliulizwa kama jeraha lake liachwe wazi, akakubali, wakati ambapo hapakuwa na ngozi ya kumfunika na kukubali hakukumgharimu zaidi ya maumivu.

"Sasa kuna ngozi," Vaileti alisema. "Na kitalu kimeanza kuvuja kwenye damu."

Edson alisema walaji wako kwenye damu yake pia, ameyaona matundu yao, wanamlinda. Vaileti akamuuliza wanamlinda mpaka lini. Edson akasema hajui.

"Basi usiniletee kama hesabu."

"Hesabu ninayo, Dokta. Akifunikwa, akiba ya walaji itafaa siku nne, tano. Baada ya hapo Kijani atakuwa amebadili koti. Ngozi za wengine zinafika moja moja, na za mwisho hazijafika nusu ya kuota. Wale watatu wa kwenye mashine za kupumulia hawafiki." Alizima taa ya chini ya sahani. "Ngozi huharibika safarini. Sanduku likipata joto njiani, mtu hawezi kujua. Ukimwambia imeharibika, atasikitika, atasubiri nyingine. Wiki tatu zinatutosha."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama. Vaileti alikuwa amefanya naye kazi miaka saba na hakuwahi kumsikia akibadilisha hata desimali moja ya matokeo. Aliona kwamba hata sasa hakuwa anadanganya. Alikuwa anapendekeza uongo huo kama kipimo cha dawa.

Vaileti akamwambia kwamba ngozi ni nzima na itabaki nzima, na kwamba atakayeulizwa ni mwenye nyonga.

"Ukimuuliza atakataa kufunikwa," Edson alisema. "Unajua hivyo. Kwa hiyo mimi na wewe tunafika palepale, ila wewe unafika ukiwa msafi."

*

Alikataa. Vaileti alimweleza yote, damu, makundi manne, uhai wa ngozi, akiba ya siku nne au tano, na Twilumba akasikiliza akitazama ukutani, kisha akasema, "Msifunike."

Vaileti alimwomba aseme sababu. Twilumba akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeulizwa jambo la wazi, na kwa kidevu akaonyesha meza iliyokuwa kando ya kitanda.

Palikuwa na vyungu na mabakuli ya kila saizi. Uji wa ulezi uliotiwa siagi, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, maharage, parachichi lililokatwa na kufunikwa sahani, mayai mawili ya kuchemsha yaliyomenywa tayari. Ndugu waliofungiwa na wagonjwa wao walikuwa wanapika uani, kwenye majiko mawili, kwa zamu, na tangu walipoelewa shashi za wagonjwa wao zinalowanishwa kwa kitu gani, kila familia ilitenga bakuli la Twilumba kabla ya kupakua la mgonjwa wake. Nesi mkuu alikuwa amelisifu jambo hilo kwenye taarifa. Vaileti mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anakula vizuri.

"Nimekula kwao wote," Twilumba alisema. "Mke wa Betueli ananiosha miguu kila jioni. Mumewe yuko kwenye mashine. Utamwambia nini mtu kama huyo?"

Vaileti alitoka akaenda uani.

Pale uani aliwakuta wanawake sita na wanaume wawili, na Anyesi Kilasi, mke wa Betueli, akiwa ameshika mwiko. Ilikuwa zamu yake. Walisalimiana, kamwene, kamwene, na Vaileti akawaambia kwamba kuanzia saa ile hakuna atakayempelekea Twilumba chakula wala kuingia kumwosha. Atapewa uji wa hospitali na manesi.

Ilichukua muda wakaelewa kwamba hakuwa anazungumzia usafi. Mwanamume mmoja akauliza kama wamemtilia mtu sumu. Mwingine akasema huko kwao hata adui akiugua hupelekewa bakuli. Anyesi aliacha ugali ukaungua.

"Unatukataza kumlisha mgonjwa, daktari? Kwa kosa gani?"

"Hamna kosa. Mnamlisha, halafu mnasubiri. Kuna swali nataka ajibu bila mtu kusubiri."

Anyesi akauliza ni swali gani, na kwa kuwa lilikuwa linawahusu, Vaileti akawaambia. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, mwanamume mmoja alikaa chini kwenye gunia la viazi kana kwamba amesukumwa.

Hakuna aliyekwenda kwa Twilumba siku ile. Manesi walilinda mlango, lakini haikuhitajika.

*

Asubuhi joto la Twilumba lilikuwa limepanda kwa nyuzi moja na nusu. Meza ilikuwa tupu isipokuwa kikombe cha uji wa hospitali, ambao hakuumaliza. Vaileti alivuta kiti, akarudia maelezo yaleyale kwa mpangilio uleule, akaongeza joto la asubuhi.

Twilumba aliuliza kama walaji wa akiba wanaweza kuwafikisha wengine kwenye ngozi zao. Baadhi, Vaileti alisema, si wote. Akauliza kama Betueli ni mmoja wa hao baadhi. Hapana, Vaileti alisema.

"Nina mtoto yuko darasa la pili, Ilembula, kwa dada yangu," Twilumba alisema. "Jana nilikuwa sijamfikiria. Siku nyingi sijamfikiria, unajua? Walikuwa wanaingia hapa tangu alfajiri, huyu ametoka, huyu ameingia, mama umeamkaje, mama kula kidogo. Jana ndiyo nimemkumbuka." Alishika ukingo wa godoro. "Naogopa, daktari. Nifunike."

"Sawa."

"Usiwaambie nimesema mimi."

"Nitawaambia nimekufunika mimi. Hilo ni kweli."

Ngozi ilipangwa kuwekwa saa sita. Kabla ya hapo alirudi uani, kwa sababu ndugu wa watu kumi na mmoja walikuwa na haki ya kusikia kabla, wala si baada. Aliwaambia nyonga itafunikwa leo. Hakusema Twilumba alisema nini, na wao, jambo alilolikumbuka baadaye, hawakuuliza.

Mwanamke aliyekuwa na mdogo wake kitanda cha tano alilia bila sauti. Anyesi hakulia. Alikuwa anatazama majiko.

"Hebu nieleweshe, daktari," alisema. "Kitalu ni cha Twilumba kwa sababu ni Twilumba, au kwa sababu jeraha lake lilikuwa wazi tu siku mliyotafuta?"

Vaileti alifungua mdomo kujibu kwamba ni mahali pekee walipokaa pamoja, kisha akaona kwamba hilo halikuwa jibu. Majeraha mengine walikuwa wameyasafisha kwa bidii zote, ute wote, kila siku. Walikuwa wametafuta kitalu mahali pengine mara moja tu, wiki ya kwanza ya walaji, kwenye majeraha yaliyosafishwa. Baada ya kupata kimoja hawakutafuta tena.

"Sijui," alisema.

"Hapa hakuna mtu anayepika kila siku. Angekufa. Tunakwenda kwa zamu, leo mimi, kesho mwenzangu. Nyie mmemwacha mmoja apike peke yake mpaka ameungua." Anyesi aliweka mwiko chini. "Anzeni na Betueli. Nasema mimi mke wake."

Ilikuwa inawezekana, na hatari yake Vaileti aliweza kuitaja hatua kwa hatua. Kabla ya kufunika nyonga, mavuno ya mwisho yangetiwa kwenye jeraha la mgonjwa mwingine, bila kuchujwa, walaji pamoja na Kijani wao. Jeraha hilo lisingesafishwa kabisa. Lingekaa wazi siku chache zaidi ya lazima, kisha lingefunikwa na mavuno kuhamia kwa mwingine. Kila siku ya kukaa wazi ilikuwa siku ambayo Kijani angeweza kuingia kwenye damu. Alilieleza hivyo. Na akaeleza kwamba Betueli hawezi kuwa kwenye zamu, wala yeyote asiyeweza kusema. Watatibiwa sawa na wengine, lakini hawatatumiwa.

"Mimi namsemea."

"Najua. Siwezi kukubali."

"Kwa hiyo mume wangu atakula vya wenzake bila kupika."

"Ndiyo," Vaileti alisema. "Ndivyo itakavyokuwa."

Walioweza kusema walikuwa wanne; wengine walikuwa kwenye mashine au kwenye usingizi wa dawa. Alikwenda kitanda kwa kitanda, peke yake, milango imefungwa. Mwanamke mmoja alisema hapana kabla hajamaliza kueleza. Vaileti akamshukuru, akamwambia shashi yake ya jioni itakuja kama kawaida. Wa pili alikuwa na ujauzito na hakumuuliza. Mzee Yohanes Nyagawa, aliyekuwa mlinzi wa geti la uwanja, alisema aachwe afikirie. Gasto Mwinuka, mpakiaji wa miaka ishirini na sita aliyeungua bega na mkono, na ambaye ngozi yake ilikuwa inafika baada ya siku mbili, alisema ndiyo kwa haraka iliyomfanya Vaileti amweleze mara ya pili.

"Nimesikia, dokta. Mnanipa mifugo niichunge siku mbili tatu." Alijaribu kutikisa bega, akakunja uso. "Mkinipa na lita moja ya pombe ya ulanzi nawafugia hata chui."

*

Ngozi ya Twilumba ilikuwa nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka. Vaileti alisafisha nyonga mpaka ikatoa damu nyekundu, kazi ambayo hakuwa ameruhusiwa kuifanya mahali pale kwa majuma, akailaza ngozi ile juu yake, akaitoa hewa chini yake kwa pamba iliyolowa, akaishikiza. Chumba cha pili, Edson mwenyewe alimtilia Gasto mavuno ya mwisho begani. Hakusema neno juu ya mazungumzo ya maabara. Aliuliza tu kama ute uenezwe au urundikwe, na Vaileti akasema urundikwe.

Kisha wakasubiri. Kitalu kikishika, sahani ya kesho mchana ingekuwa na matundu.

Jioni shashi zililowanishwa kwa akiba. Uani walipika kwa zamu. Twilumba alilala kwa mofini, na Vaileti alipopita aliona vidole vyake vimeshika ukingo wa godoro hata usingizini.

Siku iliyofuata Edson alimwita. Sahani ilikuwa chini ya taa. Zulia lilikuwa zima, laini, la kijani, kutoka ukingo mpaka ukingo. Waliigeuza, wakaitazama kwa lenzi. Hapakuwa na tundu hata moja.

Joto la Gasto lilikuwa limepanda. Kijani wa bega lake, Edson alisema, alikuwa amekwisha kubadili koti, labda tangu wiki iliyopita, na walaji wa Twilumba hawakumtambua. Wamekufa njaa katikati ya chakula. Bega linaweza kusafishwa leo, ngozi yake inafika kesho, pengine atavuka. Kitalu hakipo. Na akiba haikuwa nzuri kama alivyokadiria. Ilikuwa na siku mbili.

Alivua glavu zake, akazikunja moja ndani ya nyingine.

"Ngozi haijashika," alisema. "Mpaka kesho asubuhi haijashika. Unainyanyua kwa koleo, hata damu haitoki. Chini yake bado kuna mbegu, huwezi kusafisha zote. Kitalu kitarudi kwa siku moja. Yeye amelala." Akaongeza: "Ni kumi na mmoja, Vaileti."

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumwita kwa jina.

Vaileti alifikiria kwa uaminifu. Alipima kiganja kimoja cha ngozi kwa watu kumi na mmoja, akaona kwamba mizani ile inalala upande wa Edson kila anapoiweka, na kwamba hakuwa na hoja ya kuinyanyua. Alikuwa na jambo moja tu, kwamba mwanamke alikuwa ameulizwa, akiwa hana mtu anayemsubiri, na akajibu. Kama jibu lile lingeweza kuondolewa kwa koleo mara sahani ilipotoka vibaya, basi hakuwa ameulizwa kamwe, na wala hakuna mtu mwingine wodini ambaye angeweza kuulizwa chochote.

"Hapana," alisema.

Edson alitikisa kichwa polepole. Haikuwa kukubali. Akachukua sahani, akaanza kuandaa nyingine, kwa ajili ya jeraha ambalo hakujua kama litakuwepo.

Uani walikuwa wamekwisha kujua kwamba kuna kitu, kwa sababu Vaileti alitembea kuwaendea akiwa hana kitu mkononi. Alisimama mbele yao, akasema zamu ya kwanza imeshindwa. Gasto atasafishwa. Akiba ni ya siku mbili.

Anyesi aliuliza swali ambalo Vaileti alijua litaulizwa.

"Ile ngozi ya Twilumba. Inaweza kutolewa?"

Angeweza kusema imeshika. Hakuna pale ambaye angejua.

"Inaweza. Mpaka kesho asubuhi."

"Mtaitoa?"

"Hapana."

Watu walianza kusema kwa pamoja. Mwanamume wa gunia la viazi alimtukana kwa Kibena, tusi refu lenye mama yake ndani, na hakuna aliyemnyamazisha. Anyesi alisogea mpaka akawa karibu vya kutosha kumpiga. Macho yake yalikuwa makavu.

"Ungesema imeshindikana ningekuelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Umeniambia inawezekana na hutaki. Sasa nimpeleke wapi mume wangu na maneno hayo?"

Vaileti alibaki amesimama mpaka Anyesi alipoondoka mbele yake, akaingia wodini kumwosha Betueli, kwa kuwa ilikuwa saa ya kuoshwa.

*

Mzee Nyagawa alikuwa ameketi kitandani, mguu wa kulia umenyooshwa chini ya shuka. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango wa uani. Alikuwa amesikia kila kitu, pamoja na tusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alivuta kiti. Alimwambia kwamba jana alimuuliza jambo, na leo lazima amuulize upya, kwa sababu swali limebadilika. Jana hakuna aliyekuwa amejaribu. Leo aliyejaribu ana homa. Kijani wa mguu wake anaweza kuwa na koti la Twilumba au la Gasto, na njia ya kujua ni kumtilia. Kuna mavuno kidogo kwenye baridi. Yakishika, mguu wake utakaa wazi hadi wiki moja. Yasiposhika, atakuwa ameumwa bure. Na akisema hapana, shashi yake itakuja kama ya wengine mpaka akiba itakapokwisha.

Mzee alisikiliza akisugua goti lake zima. Aliuliza Gasto ana homa ya kiasi gani, akaambiwa. Aliuliza kama bado anatania. Kidogo, Vaileti alisema.

"Yule binti," alisema mzee. "Anajua kwamba walitaka mumfunue?"

"Bado amelala. Akiamka nitamwambia."

"Na Luvanda wa maabara naye alitaka. Nimemwona usoni alipopita."

Vaileti alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Mguu huu nikiwapa, siku ya tatu nikaona siwezi, nikasema basi. Wale watatu bado wako kwenye mashine. Mke wa Betueli amesimama hapo mlangoni. Utafanyaje?"

"Nitakufunika."

"Hata nikiwa ndiye wa mwisho?"

"Hata ukiwa wa mwisho."

Mzee Nyagawa alimtazama kama mtu aliyezoea kupima lori kwa macho kabla ya kuinua kizuizi. Kisha akashika shuka kwa ncha, akaivuta taratibu mpaka mguu wote ukabaki wazi.